Brno, Husqvarna, Zastava: raifo za benchi la pili na nani hasa alizitengeneza

Watu wengi wakishika bunduki ya zamani wanasoma jina lililochongwa kwenye mtutu, wanasema "aah hii ya Mwingereza" au "hii ya Mmarekani", basi wamemaliza. Mimi naona hapo hata hawajaanza. Kwa raifo za bolti za kuwindia (bolti ni kile chuma unachokivuta nyuma na kukisukuma mbele kwa mkono kupakia risasi), hasa zile zisizo na jina kubwa, jina la kwenye mtutu mara nyingi ni la muuzaji tu, na muuzaji anaweza asiwe amegusa hata skrubu moja. Risiva, yaani kile chuma cha katikati kinachobeba bolti na kushikilia mtutu, imetoka nchi moja, mtutu umetoka kwingine, mbao kwingine tena, alaf duka likapiga jina lake juu likaandika na mji wake, na miaka hamsini baadae kuna mtu anabishana kijiweni kwamba hiyo ni kazi ya Mwingereza safi kabisa.

Za majina makubwa, Rigby, Holland & Holland, Winchester, Mauser yenyewe ya Oberndorf, Ujerumani, zimeandikwa mpaka basi. Mimi napenda za benchi la pili. Zilizofanya kazi kweli porini bila kupigwa picha sana.

Niliingia kwenye mambo haya kwa ajili ya mjomba wangu. Ni mwindaji bingwa mstaafu, miaka yake mingi ameimalizia kwenye vitalu vya Selous, huko ambako kipande kikubwa siku hizi ni hifadhi ya Nyerere. Bunduki yake ni .375 (huo ni upana wa risasi kwa inchi), imeandikwa BRNO, na chini yake Czechoslovakia. Siku moja tunajaza karatasi zake za silaha, tukafika pale wanapotaka nchi ilikotengenezwa, nikamwambia mjomba, hii nchi haipo, imegawanyika tangu Januari 1993, tuandike Czech au Slovakia? Akaniangalia. "Mjomba, andika kilichoandikwa kwenye chuma. Bunduki haijui siasa."

Jibu zuri, tukaliandika hivyo hivyo. Ila kwa kweli bunduki ile inajua siasa kuliko sisi wote wawili, na nikianza kuwaelezea mtaona.

Turudi nyuma kidogo. Dola ya Austria na Hungaria ilipovunjika 1918 Wacheki wakapata nchi yao, na mwaka huo huo wakaanzisha kiwanda cha silaha cha serikali pale mji wa Brno. Mwaka 1924 kikageuzwa kampuni ya hisa, Československá zbrojovka. Wakati huo huo Mjerumani alikuwa amefungwa mikono na mkataba wa Versailles, Mauser ya Oberndorf hairuhusiwi kutengenezea majeshi ya dunia bunduki kama zamani, lakini dunia bado inaitaka Mauser, kila jeshi changa linaitaka. Soko halikai wazi. Wakaingia wawili, FN ya Ubelgiji na hawa wa Brno. FN yenyewe ilizaliwa 1889 kwa kazi hiyo hiyo, kulitengenezea jeshi la Ubelgiji Mauser 150,000. Brno wakatoa modeli yao vz. 24, mtutu wa milimita 590, wakaiuza Romania, Uajemi, China, Amerika ya Kusini huko, kila mahali. Bunduki ya Kijerumani kwa muundo, ya Kicheki kwa mikono.

Huku kwetu jina la Mauser halikusubiri Wacheki. Askari wa Mjerumani Tanga, Novemba 1914, wengi wao walikuwa bado na Mauser za 1871, zile za baruti ya moshi, ukifyatua mara moja adui ameshajua umelala nyuma ya mnazi gani. Walifurahi sana kuokota bunduki za Waingereza waliokimbia. Za kisasa zaidi zilikuja na meli ya Rubens iliyopenya mpaka ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga Aprili 1915, ikapigwa na Waingereza pale pale lakini mzigo mwingi ukaokolewa. Na hata kabla ya vita kulikuwa na fundi wa Berlin anaitwa Otto Bock, mwaka 1905 akaunda risasi ya 9.3x62 (upana wa risasi na urefu wa ganda lake kwa milimita) kwa kuwafikiria walowezi na wawindaji wa Kijerumani Afrika, akaipima iingie kwenye Mauser ya kawaida ili mtu asilazimike kununua ile ndefu ya bei mbaya. Ishikeni hiyo akilini maana inarudi.

Sasa Brno wakatengeneza kitu kingine, karabini fupi nyepesi ya jandarmu (polisi wa mtindo wa kijeshi) na walinzi wa forodha, vz. 33. Risiva yake ndogo kuliko ya Mauser ya kawaida, imepunguzwa uzito kila mahali. Machi 1939 Hitler akaingia Prague na kiwanda kikawa mali yake, wakubwa wa Kijerumani wakaiona ile karabini wakaipenda, wakaendelea kuitoa kwa jina la Gewehr 33/40 kwa ajili ya vikosi vyao vya milimani. Sasa angalia ujanja wa vita, hawakutaka adui asome jina la kiwanda, kwahiyo viwanda vikapewa alama za siri za herufi. Brno wakawa "dot". Tawi lao la Povážská Bystrica, upande wa Slovakia, likawa "dou". Ukikuta Mauser ina "dot" pale juu ya risiva basi ni ya Brno, hata kama mwenye nayo anakuapia ni ya Berlin.

Vita ikaisha. Kiwanda kipo, mafundi wapo, na ule ujuzi wa risiva ndogo upo, ila jeshi halitaki tena karabini za bolti kama zamani. Wakageukia uwindaji. Zikatoka Brno 21 na 22, na hapa niruhusuni nikae kidogo kwasababu kwangu mimi hizi ndo raifo nzuri kuliko zote zilizotengenezwa kiwandani Ulaya baada ya vita, na wanaozijua ni wachache mno. Ya 21 ina mbao ya nusu, ya 22 mbao inakwenda mpaka mdomo wa mtutu kwa mtindo wa Mannlicher. Nyepesi. Mkono wa bolti umelala bapa kama kijiko cha chai. Triga mbili, unavuta ya nyuma kwanza, ya mbele inakuwa nyepesi kiasi kwamba ukiigusa tu imeondoka. Na juu ya risiva wamechonga reli za kushikia darubini humo humo kwenye chuma, hakuna kutoboa matundu, hakuna skrubu za kulegea barabarani kwenye Land Rover. Zilikuja kwa 7x57, 8x57 na kaliba nyingine za Ulaya. Baadae ikafuata ZG 47 yenye risiva ya ukubwa wa kawaida, na hiyo ndo ikabeba zile nzito, 10.75x68 na 9.3x62 ya Bwana Bock.

Kazi ile ni ya anasa, mbao imechongwa michirizi ya kushikia kwa mkono, chuma kimeng'arishwa ukijiona sura, na imetoka kwenye nchi ambayo kuanzia 1948 ilikuwa ya kikomunisti ambapo tajiri wa kuwinda na bunduki ya anasa kwa nadharia hakutakiwa kuwepo! Jibu ni fedha za kigeni. Serikali ilihitaji dola na pauni, kampuni za serikali kama Omnipol zikapewa kazi ya kuuza nje, na bunduki ya uwindaji ni kitu ambacho mzungu wa Magharibi anaweza kununua toka kwa mkomunisti bila aibu sana.

Na hapa ndo napata jibu la swali lililonisumbua muda mrefu, kwanini bunduki nzuri hivi haina jina? Marekani mwaka 1951 iliiondolea Czechoslovakia ule unafuu wa ushuru wanaopeana mataifa rafiki wa kibiashara, kwahiyo bunduki ya Brno ikifika bandarini kwao inapigwa ushuru wa juu mpaka duka halioni faida. Wamarekani hawakuzipata kwa wingi. Na magazeti ya uwindaji yaliyokuwa yanasomwa dunia nzima yalikuwa ya Wamarekani, yanaandika kilichopo kwenye maduka ya Wamarekani. Basi. Brno zikaenda Kanada, Australia, Afrika Kusini, Rhodesia, Afrika Mashariki, zikafanya kazi kimya kimya miaka yote ile. Ukubwa wa jina na ubora wa chuma ni vitu viwili tofauti, kinachoviunganisha ni forodha.

Sasa tuje kwenye ya mjomba. Miaka ya 60 Wacheki wakaleta familia mpya inaitwa ZKK, kazi ya ndugu wawili Koucký, Josef na František. František ndo huyo huyo aliyekuja kubuni bastola ya CZ 75, ambayo sasa hiyo dunia nzima inaijua. ZKK ilikuja kwa saizi tatu: 600 ya kawaida kwa kina .30-06 na 7x57, 601 fupi kwa .308 na wenzake, na 602 ndefu, ya risasi kubwa kubwa, .375 H&H na .458 Winchester.

Kuielewa 602 lazima ujue soko lilikuwaje wakati ule. Mauser ndefu za Oberndorf, zile ambazo mafundi wa London walikuwa wananunua risiva zake wanazipamba wanauza kwa matajiri, hazikuwepo tena, kiwanda kilikuwa upande uliokaliwa na Wafaransa baada ya vita wakakibomoa. Iliyobaki ya maana kwa bei ya mtu wa kawaida ni Winchester Model 70. Sasa 1964 Winchester wakakaa na wahasibu wao wakaona ile bunduki inawala gharama, wakairahisisha, na kati ya vitu walivyovitoa ni ile kucha ndefu ya Mauser ubavuni mwa bolti. Ile kucha sio pambo. Inaikamata risasi tangu inanyanyuka kwenye magazini, inaishikilia mpaka imeingia chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inapokaa risasi, kwahiyo hata ukikoki nusu ukarudisha kwa hofu, hata ukiwa umepinda mwili unamkwepa nyati, risasi haidondoki wala hazigongani mbili mlangoni. Ukishafyatua inang'oa ganda kwa nguvu hata kama limevimba kwa joto. Mtu anayewinda paa hatajali. Mtu anayeingia kichakani kumfuata nyati aliyejeruhiwa na mteja, na hiyo ndo kazi ya mwindaji bingwa, ni suala la kurudi kambini au kutorudi.

Basi Winchester wanaitoa kucha, na miaka hiyo hiyo hawa Wacheki wanaingiza sokoni raifo ndefu kweli kweli, chuma kinene, kucha ya Mauser ipo, magazini inameza tano za .375, na bei ni ya mshahara. Bahati tupu kwa upande wao, sidhani kama kuna mtu pale Czechoslovakia alikaa akapanga kumpiga Winchester. Idara za wanyamapori za enzi ya mkoloni zilikuwa na .404 Jeffery, baadae .458 ikaingia baada ya kutoka mwaka 1956, na wawindaji wetu wengi wa kizazi cha mjomba wakaishia kwenye Brno. Muulize mzee yeyote wa kazi hiyo atakwambia neno moja tu, haikwami. Hata mafundi wa Ulaya waliokuwa wanajengea matajiri bunduki za oda walianza kununua 602, wanavua kila kitu wanabaki na risiva na bolti, wanaweka mtutu wao na mbao ya walnati ya bei ya gari, wanapiga jina lao. Kuna watu wana bunduki ya maelfu ya pauni ukiifungua ndani ni Brno ya mjomba.

Na uongo mmoja zaidi, huu wa kirafiki. Imeandikwa BRNO, lakini haikutengenezwa Brno. Mwaka 1936 Wacheki, wakimuogopa Mjerumani, walijenga tawi la kiwanda mbali na mpaka wake, kwenye mji mdogo unaitwa Uherský Brod, mashariki huko karibu na Slovakia. Mjerumani akaja hata hivyo. Lakini tawi likabaki, na kazi ya raifo za kuwindia ikahamishiwa huko, jina la Brno likaendelea kupigwa kwenye mitutu kwasababu ndo lililokuwa linauza. Tawi hilo ndo CZ ya leo. Kiwanda mama cha Brno kikafa, tawi likaishi, na mwaka 2021 likaenda kuinunua Colt ya Marekani, ile Colt yenyewe. Wale waliokuwa wanatozwa ushuru wa adhabu!

Kusoma mwaka wa Brno ni rahisi kuliko nilivyotegemea. Sheria yao inataka kila bunduki ipigwe risasi za majaribio zenye nguvu kupita kawaida kwenye kituo cha serikali kabla ya kuuzwa, ikipona inagongwa muhuri, simba wa Czech kwenye ngao, na karibu yake tarakimu mbili za mwaka. Ukikuta 52 ni 1952, ukikuta 74 ni 1974. Ya mjomba ina 76, imekaa pembeni karibu na mtutu unapoingia risiva, alikuwa nayo miaka yote hajawahi kuitazama. Wajerumani wao wanaficha mwaka kwa herufi, tangu mwisho wa miaka ya 60, A ni 0, B ni 1, unaendelea hivyo mpaka I ni 8, wanairuka J, K ni 9, kwahiyo muhuri wenye HC ni 72. Ukishajua hilo soko zima la mitumba linageuka kitabu. Ila kumbuka muhuri unakupa mwaka ilipopimwa. Mtutu ukibadilishwa inapimwa upya, unaweza kukuta mihuri miwili, hapo ndo utamu wenyewe.

Husqvarna nayo. Ukitaja jina hilo Mufindi watu wanakimbilia mashine ya kukatia mbao, na wana haki, wanazitengeneza tangu 1959. Lakini kampuni ilianza 1689 kama kiwanda cha bunduki cha mfalme wa Sweden, baadae wakaja cherehani, pikipiki 1903, na mpaka leo ile alama yao ya H yenye taji inatokana na kilengeo cha bunduki ukikitazama kwa mbele. Raifo zao za kuwindia kabla ya vita walijengea juu ya Mauser ya jeshi la Sweden. Baada ya vita wakaona bora wanunue risiva FN Ubelgiji, wakatoa modeli 640, kwahiyo hapo una "Husqvarna" ambayo moyo wake ni Mbelgiji. Mwanzoni mwa miaka ya 50 wakatengeneza ya kwao, 1640, nyembamba, nyepesi, nzuri sana kwa mlimani. Mtu mwenye 640 na mwenye 1640 wote wanasema wana Husqvarna na wote hawadanganyi, ila ni bunduki mbili zisizo na undugu wa chuma kabisa.

Na hiyo 1640 ikaenda Marekani kwa jina lingine. Sears, lile duka la kuagiza kwa katalogi, walikuwa na chapa yao ya vitu vya michezo, J.C. Higgins. Higgins mwenyewe alikuwa mfanyakazi wa ofisini pale Sears, wakapenda tu jina lake likasikika la kimichezo, likapigwa kwenye magloves ya besiboli, baiskeli, na bunduki. J.C. Higgins Model 50 ina risiva ya FN na mtutu wa kampuni ya High Standard uliopakwa kromu ndani. Model 51-L ina risiva ya Husqvarna. Kwahiyo mkulima wa Iowa ameshika bunduki ya karani, iliyouzwa na duka la katalogi, yenye roho ya Sweden. Anadhani ni bunduki ya bei poa tu. Ni kweli ilikuwa ya bei poa, ila ile kazi iliyomo ndani si ya bei poa.

FN waliuza risiva kwa kila mtu, Colt walichukua, Weatherby walichukua, Browning wakatengenezewa raifo nzima. Na kwa Browning ndo utaona kwanini mwaka una maana, sio udadisi wa wazee tu. Mwishoni mwa miaka ya 60 mpaka mwanzoni mwa 70, walnati ya vitako vyao ilikaushwa haraka haraka kwa chumvi. Chumvi ikabaki ndani ya mbao, mbao imekumbatia chuma, na chuma kikaanza kuliwa na kutu kutokea chini ambako huoni. Juu bunduki inang'aa kama ya jana. Mtu asiyejua kusoma mwaka analipa hela nzuri, anakuja kufungua skrubu mbili za chini anakuta mtutu umetobokatoboka kama uliokuwa umezikwa pwani. Anayejua, kabla hajatoa hata senti, anaomba ifunguliwe mbao. Muuzaji akikataa amemjibu tayari.

Parker-Hale ya Birmingham nitaipitia haraka, walianza kwa kugeuza Lee-Enfield za jeshi kuwa za kuwindia, baadae raifo zao za bolti maarufu wakazijengea juu ya risiva kutoka Uhispania, Santa Bárbara. Imeandikwa Birmingham, England. Haya.

Zastava ndo inanihuzunisha. Kragujevac, Serbia, walianza kuyeyusha mizinga 1853. Miaka ya 20 Yugoslavia ikanunua leseni na mitambo ya Mauser kwa FN, kiwanda cha raifo kikafunguliwa 1928. Unaona tena Mbelgiji. Baada ya vita wakatoa M48 ya jeshi, na ilipopitwa na wakati wakaichukua ile ile kazi wakaisafisha wakatengeneza Mauser ya kuwindia, ngumu, wazi wazi, bila madoido. Lakini jina la Yugoslavia haliuzi bunduki Magharibi. Kwahiyo ikatoka kwa majina ya watu. Marekani iliitwa Mark X ya Interarms, muagizaji wa silaha wa huko. Iliitwa Herter's J9. Zile za wanyama wakubwa, .375 na .458, zikaandikwa Whitworth, Manchester, England, zina kilengeo cha vibao vya kukunjua kama ya Mwingereza, mbao ya Kiingereza, na nimeshasikia mtu akiisifia kwa "ule ustadi wa kizamani wa Waingereza" huku anaishika risiva ya Kragujevac. Nilinyamaza. Hela alikuwa ameshatoa.

Alaf 1992 vikwazo vya Umoja wa Mataifa kwa ajili ya vita vya Yugoslavia, mlango ukafungwa. 1999 NATO wakaipiga mabomu Zastava pale Kragujevac. Miaka ya 2000 wakarudi tena Marekani, safari hii wakiwa wamevaa jina la Remington, Model 798. Mpaka ulikuwa unajiuliza hawa watu watauza lini kitu chenye jina lao wenyewe. Kwa ubora sio Brno, nisiwadanganye, bolti inakwaruza na mbao ni ya kawaida, lakini kwa mtu anayetaka Mauser ya kweli kwa hela kidogo sijaona ya kuishinda.

Kwahiyo ukipata raifo ya bolti usiyoielewa, na una ruhusa halali ya kuishika, haina risasi ndani na umechungulia chemba kwa macho yako, jina liache kwanza. Tafuta muhuri wa majaribio, huo unakupa nchi na mara nyingi mwaka. Linganisha namba ya kwenye risiva na ile ya kwenye bolti, zisipofanana kuna bolti ya bunduki nyingine humo na fundi aipime kabla haijafyatuliwa tena. Alaf mpelekee fundi bunduki mwenye leseni afungue mbao, chini ya mtutu ndo kuna alama ambazo kiwanda hakikutaka mteja azione, herufi za aliyeichonga, kaliba, wakati mwingine jina la kiwanda kabisa. Usifungue mwenyewe nyumbani kwa bisibisi ya redio, zile skrubu ukiziharibu vichwa thamani imeondoka.

602 yenyewe haipo tena. Miaka ya 90 ikageuzwa CZ 550, kucha ikabaki na ule urefu ukabaki, na sasa hata 550 wameiacha. Za zamani zinapanda bei kila mwaka, hasa za mwanzo zenye kile kitundu cha kulengea kinachochomoza chenyewe juu ya risiva ukikibonyeza, na wanunuzi wengi ni vijana waliozoea bunduki za kisasa. Hao nawaambia jambo moja kabla ya kusifia kitundu. Sefti ya ZKK za zamani inakwenda kinyume. Ukisukuma mbele, kama ulivyozoea kwenye nyingine zote kujiandaa kupiga, umeifunga. Ukivuta nyuma iko tayari kufyatua. Kuna wawindaji waliopeleka kwa fundi ikageuzwa, na kuna wasiogeuza, na kwa nje mbili hizo zinafanana kabisa. Ya mjomba haijageuzwa, amebandika kipande cha plasta nyekundu ubavuni, na kila anayeishika anaambiwa kwanza kabla hajapewa.